Hispania, Italia, Ujerumani au Uturuki: kijana wa Marekani aanzie wapi kikapu cha kulipwa Ulaya?

Mama mmoja Mkenya anayeishi Minnesota alinipigia simu usiku wa manane. Mwanawe amemaliza chuo, jina lake halikusomwa kwenye drafti ya NBA (siku klabu za NBA zinapochagua wachezaji wapya), na wakala amemletea ofa mbili: moja ya klabu ya ligi kuu Ujerumani, nyingine ya daraja la pili Italia. Wakala huyohuyo anasema ipo timu ya Uturuki "inayokaribia kutuma yake", na kijana mwenyewe ndoto yake ni Hispania. "Ndugu yangu," akasema, "mimi miji yenyewe hata kuitamka siwezi. Huyu mtoto atie sahihi wapi?"

Sikuwa na jibu la neno moja, na hadi leo sina. Drafti huita vijana wasiozidi 60 kwa mwaka, na hao ni wa dunia nzima. Vyuo vya daraja la kwanza Marekani pekee vina timu zaidi ya 350. Hesabu hiyo ndiyo inayowavusha bahari Wamarekani kila Agosti. Kwa wengi wao Ulaya si kituo cha kungojea NBA. Ndiyo kazi yenyewe, ya miaka kumi au zaidi ikienda vizuri.

Nazilinganisha ligi nne tu. Ugiriki, Ufaransa, Israel na Lithuania nazo zinalipa na zinajenga mchezaji, ila nikizitia zote tutakesha.

Tunapima nini

Familia nyingi huanza na dau. Mimi dau naliweka la pili. La kwanza ni hesabu ya kikosi: ligi hiyo inamhesabu kijana wako kama nani, na klabu ina nafasi ngapi za watu kama yeye? Ofa nono kwenye timu yenye nafasi mbili za wageni ni jambo tofauti kabisa na ofa ya wastani kwenye timu yenye nafasi sita. Baada ya hapo natazama uhakika wa mshahara, yaani si kilichoandikwa bali kinachoingia benki. Kisha mpira wenyewe na ratiba yake, kisha ligi hiyo inampandisha mtu kwenda wapi, na mwisho maisha nje ya uwanja.

Kanuni zinazofanana kote nne nazitaja mara moja. Mechi ni dakika 40 badala ya 48 za NBA, faulo ya tano inakutoa, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 badala ya 7.24, na mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu apendavyo. Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza wageni zaidi. Njia ya kwenda kikapuni uliyoizoea nyumbani, huku unakuta jitu la mita mbili na kumi limejipangia makazi.

Pasipoti na nafasi kikosini

Ujerumani ndiyo rahisi kueleza, kwa hiyo naanza nayo. Kanuni yao ni sita kwa sita: kwenye karatasi ya mechi yenye watu 12, sita lazima wawe Wajerumani, sita wanaweza kuwa wa popote. Mmarekani, Mserbia na Mkenya wote wanahesabiwa sawa, wageni. Pasipoti ya pili haikusaidii kitu, na pasipoti ya Marekani peke yake haikuumizi. Nafasi sita kwa kila klabu, zidisha kwa ligi ya timu takriban 18, ndiyo sababu vijana wengi waliotoka chuoni jana huanzia huko.

Italia ina sura mbili. Klabu za Serie A, yaani ligi kuu, huchagua: ama wageni watano na Waitaliano watano, ama sita kwa sita. Hapo kuna nafasi ya kupumua. Lakini ofa ya kijana wa Minnesota ilikuwa ya A2, yaani daraja la pili, na huko kila klabu ina wageni wawili tu. Kuwa mmoja wa wawili kuna utamu wake, maana utacheza dakika zaidi ya 30, mpira utapitia mikononi mwako na takwimu zitanenepa. Kuna na uchungu wake. Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, mji mzima unajua ni nani wa kubadilishwa, na kumbadilisha mgeni katikati ya msimu ni jambo la kawaida huko kama kubadilisha tairi.

Uturuki sitakutajia idadi, kwa sababu shirikisho lao limezoea kuigeuza kanuni ya wageni. Muulize wakala kanuni ya msimu huu, kwa maandishi. Kinachojulikana ni kwamba Uturuki haiogopi kumpa mgeni uraia anapokuwa na faida. Bobby Dixon, mtoto wa Chicago, alipata uraia mwaka 2015 na kuanza kuitwa Ali Muhammed. Shane Larkin alipata wake mwaka 2020. Kuanzia hapo klabu inamhesabu kama mwenyeji, na thamani yake sokoni inapanda bila kuongeza hata sentimita moja ya kuruka.

Sasa Hispania, ambako wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kutega sikio kuliko wengine wote.

Ligi yao, ACB, ni kali kwa wageni. Kikosi cha watu 12 lazima kiwe na wanne waliolelewa kimpira nchini humo, na kwa miaka mingi nafasi za wasiotoka Umoja wa Ulaya zimekuwa mbili kwa timu. Klabu yenye nafasi mbili haimpi mtoto aliyevua joho la chuo wiki iliyopita. Inampa mtu mwenye umri wa miaka 27 aliyekwisha kuiva Ujerumani au Italia. Ndiyo maana ndoto ya Hispania kwa Mmarekani wa kawaida huwa ni ndoto ya mkataba wa tatu au wa nne.

Ila upo mlango wa uani. Mwaka 2000, mjini Cotonou nchini Benin, Umoja wa Ulaya ulitiliana mkataba na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Miaka michache baadaye, Mahakama ya Ulaya ikaamua kesi mbili za wanamichezo: ya Maroš Kolpak, golikipa Mslovakia wa mpira wa mikono aliyecheza Ujerumani, mwaka 2003, na ya Igor Simutenkov, Mrusi aliyecheza soka Tenerife, mwaka 2005. Kwa ufupi, mahakama ilisema mtu anayefanya kazi Ulaya kihalali, akitoka nchi yenye mkataba unaokataza ubaguzi kazini, asiwekewe ukomo wa idadi kwa sababu ya uraia wake. Hispania ikautafsiri mwelekeo huo kwa faida ya nchi za Cotonou. Mchezaji mwenye pasipoti ya nchi hizo hahesabiwi kwenye zile nafasi mbili. Mkataba wenyewe umeshapata mrithi, uliotiwa sahihi Samoa mwaka 2023, lakini kwenye mazungumzo ya usajili Hispania jina halijabadilika: mchezaji wa namna hiyo anaitwa "cotonú".

Kenya imo. Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda, Burundi na Kongo pia. Maana yake kijana mmoja, urefu uleule, mtupo uleule, akiwa na pasipoti ya Marekani peke yake anapigania nafasi mbili, na akiwa na ya Kenya pia anapigania nafasi nyingine kabisa. Niliposema hayo kwenye simu, yule mama alinyamaza kidogo. "Kumbe ile pasipoti aliyokataa kwenda kuipigia picha ubalozini?" Ndiyo hiyo hiyo, mama.

Lakini tusiruke juu sana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, na mtoto wa Mkenya aliyezaliwa ng'ambo ni raia kwa kuzaliwa, kwa hiyo kwake ni suala la makaratasi na subira. Uganda iliruhusu tangu 2009, na Rwanda inaruhusu. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na katiba ya Kongo inasema uraia wake ni mmoja na haugawanywi na mwingine. Kijana wa wazazi wa Kitanzania au wa Kikongo mwenye uraia wa Marekani asishawishike na wakala anayesema "hilo litatengenezwa". Pasipoti ya kutengenezwa ikigundulika, inaondoka nayo kazi. Pia pasipoti ya Cotonou inabadilisha hesabu ya kikosi tu. Viza na kibali cha kazi viko palepale.

Kuna wale wenye njia nyingine, ya babu. Nick Calathes alizaliwa Florida, lakini kwa asili yake ya Ugiriki aliingia Ulaya kama Mgiriki na akacheza miaka mingi kama mwenyeji wa bara. Kabla ya kuuliza dau, familia ikae na wazee iulizane nani alitoka wapi.

Mshahara: ulioandikwa na unaoingia

Mkataba wa Ulaya unasomeka tofauti na wa Marekani. Kiasi kinachotajwa huwa ni neti, baada ya kodi, kwa sababu klabu inabeba kodi ya nchini humo. Kinagawanywa kwa miezi kama kumi. Juu yake kuna nyumba, gari, tiketi za ndege za kwenda na kurudi. Yule mama alinisomea ukurasa wa pili wa ile ofa ya Ujerumani polepole, kifungu kwa kifungu, na nilimsimamisha mara mbili.

Mara ya kwanza ni pale penye kodi. Marekani humdai raia wake taarifa ya kodi popote alipo duniani. Klabu inaposema "tumelipa", kijana anahitaji cheti kinachothibitisha kwamba imelipwa, kwa jina lake. Kifungu cha kumpa cheti hicho kila mwaka hakikuwamo. Kikaombwa, na klabu ikakiandika bila kelele.

Mara ya pili ni pale penye migogoro. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ilianzisha mwaka 2007 baraza la usuluhishi, leo linaitwa BAT, lenye makao Geneva. Kesi husikilizwa na msuluhishi mmoja, kwa Kiingereza, na klabu isipotekeleza uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji hadi ilipe. Kinga hiyo inafanya kazi ikiwa tu mkataba umeitaja. Kifungu cha BAT kisipokuwamo, utakwenda kudai haki yako kwenye mahakama ya mji usiojua lugha yake.

Kati ya ligi nne, Ujerumani ndiyo yenye sifa ya kulipa bila drama. Klabu hukaguliwa vitabu vyake kila mwaka ndipo zipewe leseni ya msimu. Klabu ndogo zinalipa kidogo, makumi ya maelfu ya euro kwa kijana mgeni kwenye kazi, lakini kidogo hicho kinafika. Hispania nayo ina jina zuri, hasa klabu za juu na za kati, na dau lake kwa mchezaji wa kawaida huwa juu ya Ujerumani.

Italia inalipa vizuri inapolipa. Historia yake ina makaburi, na ni vizuri kuyazuru kabla ya kutia sahihi. Mens Sana ya Siena ilitwaa ubingwa kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2013, ikitegemea fedha za benki kubwa ya mji uleule. Benki ikaanguka kwenye matatizo, klabu ikafilisika mwaka 2014, na hata ubingwa wa miaka miwili ya mwisho ukafutwa. Virtus Roma, klabu ya mji mkuu, ilijitoa ligini Desemba 2020, msimu ukiwa katikati. Wachezaji walijikuta wanatafuta kazi wiki ya Krismasi. Milano na Bologna ni habari nyingine. Huko mifuko ni mirefu.

Uturuki ina dau kubwa kwa klabu za Istanbul, na kwa mchezaji mmojammoja inaweza kuishinda Hispania. Tatizo la klabu za kati ni hesabu rahisi: wadhamini na tiketi huingiza lira, mgeni analipwa dola au euro. Lira ilipoporomoka mwaka 2021, bajeti iliyotosha mwezi Agosti ilikuwa imepungua kabla ya Krismasi. Mishahara ikichelewa huko, mara nyingi chanzo ni hicho na si ubaya wa moyo wa rais wa klabu. Kwa kijana mwenye mkopo wa chuo, sababu haina msaada. Omba malipo ya mwezi wa kwanza kabla ya mechi ya kwanza, na kifungu kinachokuruhusu kuondoka ukicheleweshewa siku kadhaa zilizotajwa.

Mpira wenyewe

Hapa Hispania iko juu, na sioni haja ya kuzungusha maneno. Timu 18, mechi 34 kabla ya mchujo, mbili zinashuka daraja, na timu ya mkiani inaweza kumfunga Real Madrid Jumapili ukiwa bado unatafuta rimoti. Februari kuna Copa del Rey: timu nane za juu hukutana mji mmoja kwa siku nne, mtoano wa mechi moja moja, na nusu ya nchi inahamia kwenye televisheni. Ukicheza klabu iliyomo pia EuroLeague, mashindano makubwa ya klabu za Ulaya, ambayo tangu msimu wa 2025-26 ina timu 20 na raundi 38, piga hesabu: 34 na 38 ni 72, kabla hujaanza kuhesabu mchujo na vikombe. Mazoezi yanageuka kuwa safari za ndege.

Italia ni mechi 30 kwa ligi ya timu 16, zaidi siku za Jumapili, na wiki nzima mnasoma mpinzani. Makocha wao wanapenda mbinu kama fundi anavyopenda kipimo. Mgeni mwenye kipaji cha kufunga asiyejua kuzunguka kwenye ulinzi atakaa benchi akashangaa.

Ujerumani inakimbia zaidi. Mchezo wake uko karibu na wa vyuo vya Marekani, kwa hiyo kijana anazoea haraka. Halafu ni ligi isiyojua wakubwa wakati wa mchujo: mwaka 2023 Ulm ilimaliza ya 7, ikatoa wakubwa mmoja baada ya mwingine, ikawa bingwa kwa mara ya kwanza.

Uturuki inagawanyika. Juu kuna Fenerbahçe na Anadolu Efes, timu za kutwaa Ulaya: Efes 2021 na 2022, Fenerbahçe 2017 na 2025. Chini yao kuna pengo, ingawa Karşıyaka ya Izmir ililivuka mwaka 2015 na kuwa bingwa, na Dixon akiwamo. Kelele za ukumbini huko ni jambo la kulizoea. Ngoma, filimbi, na uwanja mzima kukuimbia vibaya unapopiga mtupo huru. Wapo wanaonyauka, wapo wanaochanua.

Mlango unaelekea wapi

Njia za waliotangulia zinasema zaidi ya takwimu, kwa hiyo nazitazama chache.

Kyle Hines, kutoka New Jersey, alimaliza chuo cha UNC Greensboro mwaka 2008. Senta wa sentimita 198, mfupi kwa kazi yake, drafti ikampita. Alikwenda Veroli, mji wa kilimani kusini-mashariki mwa Roma, daraja la pili, misimu miwili. Kisha Bamberg ya Ujerumani, msimu mmoja, ligi na kombe. Olympiacos wa Ugiriki wakamchukua mwaka 2011. Akatwaa EuroLeague 2012 na 2013, kisha akiwa CSKA Moscow 2016 na 2019, na akamalizia Milano hadi 2024. Mataji manne, mara tatu mlinzi bora wa mashindano. Mwanzo wake ulikuwa A2, ileile ambayo mama wa Minnesota alikuwa anaiogopa.

TJ Shorts ni mfupi zaidi, futi tano na inchi tisa, wa chuo cha UC Davis. Baada ya Latvia alipanda ngazi za Ujerumani moja moja: Hamburg, Crailsheim, Bonn. Mwaka 2023 akiwa Bonn alikuwa mchezaji bora wa ligi, akatwaa na Champions League ya FIBA. Kocha wake Tuomas Iisalo alipohamia Paris, akaenda naye, wakachukua EuroCup 2024; mwaka 2025 Panathinaikos wa Ugiriki wakamsajili. Miaka mitatu, klabu tatu ndani ya nchi moja. Ujerumani ni nzuri kwa mtu wa namna hii, asiyeona haya kuhama kila Juni.

Hispania inafanya kazi tofauti: inamchukua aliyeiva nusu na kummaliza. Mike James wa Portland alizunguka klabu ndogo, ikiwamo Omegna, mji wa kando ya ziwa kaskazini mwa Italia, kabla ya Baskonia ya Vitoria kumsajili mwaka 2014. Kutoka hapo alifika Panathinaikos, Milano, CSKA, Monaco, na vipindi vifupi NBA. Mwaka 2024 akawa mfungaji bora wa wakati wote wa EuroLeague na mchezaji bora wa msimu. Larkin naye, aliyekuwa chaguo la 18 la drafti ya 2013, aliingia Ulaya kwa mlango huohuo wa Baskonia mwaka 2016. Na tukiwa Hispania: Bismack Biyombo si Mmarekani, ni mtoto wa Lubumbashi, lakini alitumia nusu msimu tu Fuenlabrada, pembeni ya Madrid, kabla ya kuchaguliwa wa 7 kwenye drafti ya 2011. Maskauti wa NBA wanaijua barabara ya ACB.

Uturuki hutengeneza nyota kwa ghafla. Larkin akiwa Efes alifunga pointi 49 dhidi ya Bayern Novemba 2019, rekodi ya EuroLeague ya zama hizi, hadi Nigel Hayes-Davis wa Fenerbahçe alipofunga 50 dhidi ya Alba Berlin Machi 2024. Huyo Hayes-Davis alianza Ulaya Galatasaray, akapita Kaunas na Barcelona, akarudi Istanbul. Mei 2025 fainali za EuroLeague zilichezwa Abu Dhabi. Fenerbahçe ikaifunga Monaco ya Mike James, Hayes-Davis akawa mchezaji bora wa fainali hizo, na kiangazi hicho Phoenix Suns wakampeleka NBA. Ghuba nayo imeanza kuwa sehemu ya ramani hii: Dubai wana timu ndani ya EuroLeague tangu msimu wa 2025-26.

Italia wengi wanaidharau kama kilabu cha wazee, kwa sababu Bob McAdoo alikwenda Milano akiwa na miaka 35 na bado akatwaa ubingwa wa Ulaya 1987 na 1988. Miaka hiyohiyo Joe Bryant alizunguka klabu za Italia na familia yake, kuanzia Rieti hadi Reggio Emilia, na mwanawe Kobe akajifunza hatua za miguu na Kiitaliano kwa pamoja. Sifa hiyo ya uzee haina haki. Hines ni ushahidi, na James alipita hapo.

Nje ya uwanja

Nitapita haraka. Ujerumani miji ni midogo na Kiingereza kinatosha. Bamberg ina watu wasiofika laki moja na wanaijua kikapu kuliko soka. Baridi ni ya kweli, ila mtoto wa Minnesota hatatishika. Italia chakula hakihitaji maelezo, lakini kusini mwa nchi bila Kiitaliano utanyamaza sana. Hispania Kiingereza hakitoshi mazoezini, ingawa Mmarekani aliyesoma Kihispania shuleni anaokoka. Istanbul ni jiji zima, lina kila kitu, misikiti na makanisa, nyama choma na msongamano wa magari unaofanya safari ya mazoezini ichukue muda wa saa mbili. Gari la klabu, kote nne, mara nyingi ni la gia za mkono. Vijana wa Kimarekani wengi hawajawahi kuligusa.

Kwa hali yako

Ukiwa umetoka chuoni leo, pasipoti ni ya Marekani tu, na hujawahi kulipwa kwa mpira: Ujerumani inakupa nafasi nyingi zaidi na mshahara unaofika. Kubali dau dogo, tafuta kocha anayetumia wageni wapya, weka kifungu cha kuondoka msimu ukiisha.

Ukiwa mfungaji anayehitaji mpira mikononi na ngozi yako ni ngumu, A2 ya Italia itakuonyesha kwa watu haraka kuliko benchi la klabu kubwa. Uliza klabu ilibadilisha wageni wangapi msimu uliopita. Wakikwepa swali, umeshajibiwa.

Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Uganda, au nchi nyingine ya Cotonou, au una haki ya kuichukua, usisaini mkataba wa miaka miwili popote kabla hujamuuliza wakala kuhusu Hispania. Ufaransa pia iulizie, maana nayo ina hesabu yake kwa wachezaji wa Cotonou, na mtoto wa Kikongo au wa Burundi mwenye Kifaransa anaingia na lugha tayari.

Ukiwa na miaka 26 au 28, umeshathibitika, na familia inategemea kipato chako, Istanbul inaweza kulipa zaidi ya wote. Klabu kubwa, nenda. Klabu ya kati, nenda na malipo ya mbele na kifungu cha BAT. Na kama umechoka kuhama, angalia nani anazungumzia uraia.

Mwenye jeraha la goti linalorudi, akae mbali na klabu za EuroLeague kwa msimu mmoja. Mechi moja kwa wiki, iwe Italia au klabu ya Ujerumani isiyocheza mashindano ya Ulaya, ndiyo inayomfaa.

Yule kijana wa Minnesota bado hajasaini. Picha ya pasipoti ameshaipiga. Juzi mama yake alinitumia sauti fupi kwenye WhatsApp, nyuma yake unasikia injini inazimika, inawashwa, inazimika tena. "Ndugu yangu," anasema, "tumeazima gari la gia la jirani."